Maswali ya Wasomaji: Chuo cha Tanga kwa Watoto wa Kisiwani

Katika toleo lililopita tulichapisha maelezo mafupi kuhusu vyuo vya tanga visivyoendeshwa kwa faida, ambavyo huwafundisha watoto na vijana wa visiwani kazi ambayo babu zao waliijua bila ya kuandikishwa popote. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua sita, na waandishi wake tumewataja kwa makao yao tu kama walivyoomba.

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari huko Wete, Pemba. Tumeungana walimu wanne na wavuvi wanane, nasi tunataka kuanzisha chuo cha tanga kwa watoto wa shehia zetu bila ya kuwatoza ada. Rafiki yetu aliyeko Ulaya ametuahidi mashua nane ndogo za faiba zilizokwisha kutumika. Wenzangu wanasema tuzipokee upesi kabla hajaghairi, lakini mimi nasita. Tena mlitaja chuo cha Ufaransa kilichodumu tangu 1947. Kilianzaje, na kimedumu kwa sababu gani?

Jibu: Mwalimu, kusita kwako nakuunga mkono, ila kwanza nikujibu la Ufaransa, kwa sababu mle ndimo ilimo sababu ya kusita.

Chuo hicho kinaitwa Les Glénans, kwa jina la funguvisiwa lililoko mbele ya pwani ya Finistère, katika jimbo la Bretagne. Waanzilishi wake ni Philippe Viannay na mkewe Hélène, ambao wakati wa Vita Kuu ya Pili walikuwa katika harakati za siri za kuwapinga Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi yao, na walishiriki kuchapisha gazeti la mafichoni lililoitwa Défense de la France. Vita vilipokwisha waliwaona vijana wenzao wametoka humo wakiwa wamechoka mwili na roho, wakawatafutia mahali pa kupumzika na kuishi pamoja, na mahali penyewe pakawa visiwa hivyo vidogo visivyo na maji ya bomba. Watu walilala katika mahema, na baadaye hata katika ngome kuukuu ya karne ya 18 iliyoko kwenye kisiwa cha Cigogne. Anayekaa mahali kama hapo hulazimika kujifunza bahari, atake asitake, na ndivyo kambi ya mapumziko ilivyogeuka kuwa chuo. Hélène Viannay ndiye aliyeusimamia uendeshaji wake kwa miaka mingi.

Kilichokidumisha, kwa maoni yangu, ni mambo mawili ambayo hayaonekani katika picha za matangazo. La kwanza ni kwamba wakufunzi wake wengi hujitolea, nao walianza hapo hapo wakiwa wanafunzi. Anayejua leo humfundisha asiyejua, na anayefundishwa hupika, huosha vyombo, hufagia na kushona tanga lililochanika. Hakuna mgeni wa kuhudumiwa pale. La pili ni kwamba walikwenda kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walimwendea Jean-Jacques Herbulot, msanifu majengo aliyekuwa pia mshindani wa mashua katika Olimpiki, wakamwomba achore mashua ya watu wawili ambayo kijana wa kawaida angeweza kuimudu. Akawachorea Vaurien, mashua ya plaiwudi yenye urefu wa mita 4 na kidogo, na sharti lake lilikuwa kwamba bei yake isizidi bei ya baiskeli mbili. Kipimo hicho cha baiskeli mbili nakipenda sana, kwa sababu kila mtu wa kisiwani anajua baiskeli mbili ni kiasi gani cha fedha na ni jasho la miezi mingapi.

Sasa nije kwenye mashua zako nane. Miaka kadhaa iliyopita nilifika katika kisiwa kimoja, nisichokitaja kwa kuwa watu wake ni wema, nikazikuta mashua sita za faiba zimelala chini ya mkungu. Zilikuwa msaada kwa chuo kama hicho chenu. Mbili zilijaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu, moja ilikuwa imegeuzwa kuwa kiota cha kuku, na tanga la ya nne nililiona kwenye uwanja wa nyumba ya jirani likianikiwa dagaa. Niliuliza kilichotokea, nikajibiwa kwamba kipande cha chuma kinachoushika usukani kilikatika katika mashua ya kwanza, kikatafutwa mjini kisipatikane, wakakichomoa katika mashua ya pili, na kadhalika hadi ya sita. Kipande chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Hakuna aliyefuja mali ya mtu, wala hakuna aliyekosa bidii. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, siku mashua zilipopokelewa, kikivunjika hiki nani atakitengeneza na kwa kitu gani.

Kwa hiyo ningekushauri umwandikie rafiki yenu kwa adabu kwamba mtazipokea mashua mbili badala ya nane, na kwamba thamani ya sita zilizobaki, au hata gharama ya kuzisafirisha tu, igeuzwe kuwa kamba, nguo ya tanga, jaketi okozi na vipuri. Sehemu nyingine ya fedha mpelekeeni fundi wa vyombo aliyeko kwenu awachongee ngalawa mbili, na katika mapatano muweke sharti kwamba wanafunzi wenu wakubwa watakaa naye tangu gogo la mwembe linapoangushwa hadi chombo kinapotiwa majini. Mafundi wetu wanazeeka, na watoto wao wengi wamekwenda kuendesha bodaboda. Wenzetu wa Lamu wameliona hilo mapema: mradi wa Flipflopi, uliozindua jahazi la plastiki iliyorejelezwa mwaka 2018 na kulisafirisha hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019, ulifanywa na mafundi wa hapo hapo wa jahazi za mbao, kwa ufundi ule ule wa kuunganisha mataruma, yaani mbavu za chombo, na mbao.

Msisahau pia kwamba chombo kinachopakia watoto kinahitaji kibali. Huko kwenu mwende Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar; walioko Tanzania Bara huenda TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na walioko Kenya huenda kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Nendeni mapema, na mchukueni mvuvi mmoja mwenye umri mkubwa afuatane nanyi, kwani maofisa wengi humsikiliza yeye kuliko mwalimu mwenye faili.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Shela, Lamu. Binti yangu wa miaka 11 amesikia kwamba kutakuwa na mafunzo ya mashua, na tangu hapo hanipi usingizi. Baba yake amekubali, mimi naogopa. Hajui kuogelea, ingawa amezaliwa hatua hamsini kutoka majini, na sijui atavaa nini mbele za watu. Nimruhusu?

Jibu: Marahaba, mama. Mruhusu, lakini si kwa mashua. Mruhusu kwanza kwa kuogelea, na umwambie mwenye chuo kwamba binti yako hapandi chombo mpaka aweze kuelea chali kwa dakika kadhaa bila ya kushika kitu, kisha aogelee umbali wa kutoka chomboni hadi ufukoni mahali penye kina kifupi. Chuo kikikataa sharti hilo, si chuo cha kumpelekea mtoto.

Unayoyasema kuhusu kuzaliwa karibu na bahari bila ya kujua kuogelea ni ya kweli katika visiwa vyetu vyote, na zaidi kwa wasichana, ambao tangu wadogo huambiwa bahari ni ya kaka zao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu nusu yao hawakuwa wamefikia umri wa miaka 30. Watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuhesabiwa takwimu ili waelewe jambo hilo; kuzama kwa MV Spice Islander Septemba 2011 na kwa MV Skagit Julai 2012 bado kunasimuliwa katika nyumba zisizo chache.

Kuhusu mavazi, wasiwasi wako una jibu lililokwisha kujaribiwa. Kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima pamoja na kichwa, na waliofundishwa wakawafundisha wenzao. Nguo hiyo inapaswa kuwa ya kitambaa chepesi kisichonyonya maji, na iwe imebana mikononi na miguuni. Buibui na kanga majini ni hatari, si kwa sababu ya heshima yake bali kwa sababu ya uzito wake: kikilowa, kitambaa hufunga miguu kama nyavu. Juu ya nguo hiyo huvaliwa jaketi okozi linalomwenea mtoto mwenyewe. Ukitaka kulipima, mvalishe, lifunge vifungo vyote, kisha linyanyue kwa mabega. Likipita masikio, ni kubwa mno, na majini litapanda na kumwacha yeye chini.

Omba pia awepo mwalimu wa kike. Kama hayupo, uliza kama wewe au shangazi yake mnaweza kukaa ufukoni wakati wa mafunzo. Naamini baada ya wiki tatu utakuwa unauliza darasa la akina mama linaanza lini.

Swali: Nina miaka 19, natoka Mafia. Kuna kijana mgeni anayetufundisha kwa vijimashua vya faiba vinavyoitwa Optimist. Babu yangu, ambaye ni nahodha, anatucheka, anasema vile ni vyombo vya kuogea, na kwamba anayetaka kujua tanga akae kwenye ngalawa. Nani ana haki?

Jibu: Wote wawili, na babu yako ana haki zaidi kidogo, ingawa si kwa sababu anayoitaja.

Kijimashua hicho hakikuzaliwa kuwa mchezo wa matajiri. Kilichorwa mwaka 1947 na Clark Mills, mjenzi wa mashua wa mji wa Clearwater katika jimbo la Florida, Marekani, alipoombwa atengeneze chombo ambacho watoto wangeweza kujijengea wenyewe kwa gharama isiyofika dola 50 na kwa karatasi mbili za plaiwudi za kawaida. Ndiyo maana omo yake, yaani sehemu ya mbele, imekatwa butu kama sanduku. Karatasi za plaiwudi zilikwisha hapo. Kina urefu wa mita 2.3 hivi na uzito wa kilo 35, kwa hiyo watoto wawili hukibeba bila ya kumwita mtu mzima, na mtoto mmoja hukiendesha peke yake. Hapo ndipo penye faida yake kubwa. Kwenye ngalawa ya babu, mtoto wa miaka kumi hufua maji na kushika kamba anayoambiwa ashike, na anaweza kukaa miaka mitano bila ya kuligusa kana la usukani. Kwenye Optimist hana wa kumtazama. Asipolegeza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, pepo linapopiga ghafla, anapinduka yeye, na kesho hasahau.

Lakini Optimist haikufundishi kazi kubwa kuliko zote katika tanga letu, nayo ni kuligeuza. Tanga la pembetatu linaning'inia kwenye foromali, ule mti unaopandishwa mlingotini, nayo foromali ni ndefu na nzito. Unapokuwa unabisha, yaani unaukabili upepo kwa kwenda mshazari huku na huku, kila unapobadili upande lazima foromali ipitishwe mbele ya mlingoti na tanga zima lihamie upande wa pili, na kazi hiyo inataka watu watatu wanaoelewana bila ya kuzungumza: mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, na mmoja anayebeba pembe ya chini ya tanga na kuzunguka nayo. Akichelewa mmoja, upepo hulibandika tanga kwenye mlingoti na chombo hurudi nyuma. Nimewahi kumtazama nahodha mmoja mzee akiwafundisha vijana jambo hilo nchi kavu, kwa mwiko wa kupikia pilau na leso aliyoifunga kwenye mwiko. Aliwazungusha uani kwa nusu saa kabla ya kuwapeleka ufukoni, nao wakalipata siku ya kwanza. Tena ngalawa ina mirengu, zile mbao za kando zinazoizuia isipinduke, kwa hiyo mwanafunzi anayeanzia humo hupata utulivu wa kujifunza kabla ya kupata woga wa kupinduka.

Ningekuwa mimi ndiye mwenye chuo hicho, watoto wa miaka 8 hadi 12 wangeanzia Optimist, kisha wakahamia ngalawa wakiwa wameshajua upepo unatoka wapi bila ya kuangalia bendera, na kila wiki wangebadilishana. Ningewatahini kwa maneno yetu: joshi na demani, omo na tezi, henza, foromali, kana, ngama. Mtoto anayejua maneno ya kigeni tu hatamwelewa babu yako siku akipiga kelele katika dhoruba, na siku hiyo ndiyo ya kumwelewa.

Mwambie babu aje afundishe. Nadhani anachokicheka ni kwamba hajaalikwa.

Swali: Mafunzo yaanze mwezi gani? Tuko Chwaka, Unguja.

Jibu: Kwa wanaoanza, wakati mzuri ni maleleji, pepo za katikati ya misimu, hasa Oktoba na Novemba, ambapo kusi limeshapoa na kaskazi halijaanza kuvuma kwa nguvu. Kaskazi la Desemba hadi Machi linafaa kwa waliokwisha kushika usukani. Kusi la Juni hadi Agosti waachieni wakubwa, na katika mvua za masika fanyeni kazi za ndani: kushona matanga, kutia kalafati, kufunga mafundo. Zaidi ya mwezi, angalieni mwandamo. Ghuba yenu hukauka sana, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, kwa hiyo somo lililoanza kwenye maji mazuri linaweza kuishia kwa kukokota mashua matopeni. Watoto wachanga wa kazi hii wafundishwe siku za maji mafu, ambapo maji hayapandi wala kushuka sana.

Swali: Mimi ni mhasibu mstaafu, naishi Mombasa, na nimeombwa kusimamia hesabu za chuo cha aina hii kitakachofunguliwa katika visiwa vya Lamu. Katika bajeti naona mashua, jengo na sare za fulana. Sioni mshahara. Nimeambiwa kwamba kwa kuwa hakuna faida, walimu watajitolea kama wale wa Ufaransa. Je, ni sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, si sahihi, na nashukuru kwamba mhasibu ndiye aliyeliona. Wanaojitolea Les Glénans wengi wao wana kazi nyingine zinazowapa mkate, na hufundisha katika likizo. Mvuvi wa Kizingitini hana likizo yenye malipo. Siku anayofundisha ni siku ambayo hakwenda baharini, na jioni nyumbani kwake hakuna kitoweo. Atajitolea mwezi wa kwanza kwa mapenzi, wa pili kwa haya, na wa tatu hatakuja, kisha atasemwa kwamba hana moyo wa maendeleo. Kutofanya faida kuna maana moja tu, kwamba ziada haigawanywi kwa wenye chuo. Hakumaanishi kwamba mfanyakazi halipwi.

Kwa hiyo futa fulana, na mahali pake andika ujira wa siku kwa walimu wawili, ukadirie kwa kiasi ambacho mvuvi hupata siku ya wastani. Baada ya huo andika mafuta ya boti ya mashine ya kuokolea, kwa sababu tanga halisubiri na mtoto aliyepinduka hasubiri. Mimi sikubali vijimashua zaidi ya sita kwa boti moja. Kisha uandike matengenezo, na hapo usiwe mchoyo: maji ya chumvi hula kila kitu, na ukiacha fungu hilo likawa dogo utarudi kwenye ule mkungu niliomsimulia Mwalimu wa Wete. Jengo linaweza kusubiri. Banda la makuti lenye kufuli na mahali pa kuanikia matanga linatosha kwa miaka mitatu ya mwanzo.

Mapato yatokane na wageni. Lamu, ambayo mji wake wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, haikosi watalii wanaotaka kujifunza kushika usukani wa mashua badala ya kukaa tu na kupigwa picha, nao walipe bei kamili, huku mtoto wa kisiwani akifundishwa bure. Njia nyingine ni ile ya UKSA, chuo cha hisani kilichoko Cowes katika kisiwa cha Wight, Uingereza, tangu 1987, ambacho pamoja na kuwafundisha watoto na vijana huwaandaa wengine kwa ajira za melini na kwenye mashua za fahari. Vijana wenu nao wanaweza kuandaliwa kwa kazi za unahodha katika boti za utalii, na wenye boti hizo wachangie gharama kwa kuwa ndio watakaonufaika.

Hesabu zenyewe zibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa msikitini au wa sokoni, kwa Kiswahili, kwa shilingi, na zikiwa na jina la aliyepokea. Ukurasa mmoja unatosha.

Swali: Nina miaka 61, nimestaafu ukarani Kilindoni, Mafia. Sijawahi kuendesha chombo, ingawa marehemu baba alikuwa na mashua. Je, vyuo hivi ni vya watoto tu?

Jibu: Si vya watoto tu. Pale Les Glénans wakubwa hufundishwa pia, na humenya viazi pamoja na wenzao. Daktari akupime kwanza shinikizo la damu, jifunze kuelea, kisha nenda siku ya maji mafu, asubuhi, kabla upepo haujapanda. Chukua kofia yenye kamba ya kidevuni, chupa ya maji, na kopo la kufulia maji, kwa sababu wiki ya kwanza yote hiyo ndiyo itakayokuwa kazi yako.